Kasuku Aliyejinyonyoa Nyumbani kwa Baba

Mimi si mtu wa ndege. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia habari yenyewe hudhani nilimpenda yule kasuku tangu mwanzo. Sikumpenda. Alikuwa wa mama, na mama alipokuwa hai alimpa ndizi iliyoiva vizuri huku sisi wanawe tukiachiwa zilizoanza kuwa nyeusi. Kazi yangu ni kufuma masweta ya shule kwa mashine, huko Nangwa nilikoolewa, na kitu chochote chenye mdomo mkali na tabia ya kuvuta nyuzi sikitaki karibu na meza yangu.

Alifika nyumbani kwetu Mbulu bila makuu. Mama alikuwa akifua nguo kwa masista, na sista mmoja mzee wa Kizungu, alipozidiwa na umri na kurudishwa kwao, alimwachia ndege, kizimba chake na kibali cha kumfuga. Alikuwa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Majirani walikuja kumtazama, wakamchoka, wakaendelea na mambo yao. Mama alimweka sebuleni karibu na dirisha. Hapo ndipo alipochambua maharage, ndipo aliposukwa nywele, ndipo alipogombana na baba, na ndege akayasikia yote. Baada ya muda akaanza kumwita baba kwa sauti ya mama: "Mwalimu, chai inapoa!" Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na hata mama alimwita Mwalimu. Mara nyingi aliacha jembe shambani akaja akipangusa mikono, akakuta moto wenyewe haujawashwa. Mama alicheka hadi akatafuta pa kukaa.

Mama alifariki mvua zilipoanza. Aliugua kwa muda mfupi na sina la kueleza zaidi kuhusu ugonjwa wake. Tulizika, tukakaa msibani, wageni wakaondoka, nami nikarudi Nangwa kwa sababu shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na mzazi mwenye mtoto asiye na sweta hajui kwamba fundi naye ana mama.

Hapa inabidi nieleze jambo moja la kwetu. Zamani Wairaqw walipofiwa, nyumba yenye msiba ilikaa kando. Watu wake hawakuingia kwa jirani, hawakunywa na wengine katika chombo kimoja, hawakwenda kwenye kazi za pamoja, mpaka wazee waseme sasa basi. Haikuwa chuki. Ilikuwa namna ya kuuzuia msiba usihamie kwa mwingine. Siku hizi watu wengi wanasali na jambo hilo limebaki nusunusu, kila nyumba inachukua kiasi inachotaka. Baba alikuwa akiongoza sala za jumuiya yetu, na mila hizo alikuwa akizitaja kama anavyotaja vita vya Wajerumani, yaani mambo ya kusoma tu. Lakini mama alipokufa alizichukua karibu zote. Aliacha kwenda jumuiya. Aliacha kwenda kwa rafiki yake wa kucheza naye bao. Redio ilizimwa ikafunikwa kitambaa. Na kasuku, kwa kuwa alikuwa wa marehemu na alikuwa na kelele, alitolewa sebuleni akapelekwa stoo, kwenye chumba kilichopakana na jiko la kuni, na blanketi likatandazwa juu ya kizimba.

Hayo niliyajua kwa simu, kutoka kwa mdogo wangu wa kiume anayekaa kiwanja kimoja na baba na kufuga ng'ombe. Sikuyatilia maanani. Mzee aliyefiwa akitaka utulivu, mwache awe na utulivu. Kisha siku moja simu ikaja na jambo jingine.

"Dada, ndege wa mama anajinyonyoa."

"Anajinyonyoaje?"

"Kwa mdomo wake mwenyewe. Kifua kimebaki kama cha kuku aliyetiwa maji ya moto. Na baba mkubwa amemwona."

Baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye mkubwa wa ukoo wetu. Ni yeye ambaye siku ya kumaliza msiba angekaa mbele, angeanza kula, na kwa kula kwake baba angekuwa amerudishwa kwa watu. Mdogo wangu alisema baba mkubwa alitazama ule uchi wa ndege kwa muda mrefu, kisha akakata maneno. Ndege anayejivua ndani ya nyumba ya msiba anaonyesha kwamba msiba haujatoka. Siku ya kumaliza, akimkuta humo, yeye na wazee hawatakula.

"Si mmpeleke basi kwa mtu mwingine?" niliuliza. "Masista wangemchukua."

"Baba hataki. Hamsemeshi, hamtazami, na hataki aondoke. Njoo, dada. Mimi nimeshindwa."

Kwa mtu asiye wa kwetu, kutokula ni kurudisha sahani, na sahani itaoshwa. Kwa baba ingekuwa na maana kwamba hajaruhusiwa kutoka. Na nilijua jambo moja ambalo lilinitoa usingizi: angekubali. Baba hajawahi kumbishia kaka yake maishani mwake. Angeinamisha kichwa, angerudi kukaa kimya, na angekaa hivyo mpaka tumpeleke alipo mama. Manyoya hayakunihusu. Nilimwogopea baba.

Nilifunika mashine, nikapanda gari hadi Dareda, nikapata jingine la kupanda mlima kwenda Dongobesh na kuendelea hadi Mbulu. Nilifika kukiwa na ukungu. Baba alikuwa amekaa nje kwenye kibaraza, kofia kichwani, mikono ndani ya koti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umefika?"

"Nimefika. Umekula?"

"Nitakula," alisema, na shingo yake ilikuwa imekonda hadi kola ya shati ikakaa mbali.

Stoo kulikuwa na giza na moshi wa kuni. Niliondoa blanketi. Nimeona kuku walionyonyoka, nimeona ng'ombe wenye ukurutu, lakini hiki kilikuwa kitu kingine. Kichwa chake kilikuwa kizima kabisa, kijivu kizuri kilichopangika. Kuanzia shingoni kwenda chini hapakuwa na ndege tena, palikuwa na ngozi yenye rangi kama ya waridi, vishina vya manyoya yaliyokatwa, na pamba kidogo chini ya mabawa. Chini ya kizimba manyoya yalikuwa yamejaa kiasi cha kutosha kujaza mto wa mtoto. Kopo la chakula lilikuwa limejaa alizeti, maana alizeti kwetu haikosekani. Alinitazama kwa jicho moja, akainama, akashika unyoya mmoja ubavuni, akauvuta, akautupa.

"Acha!" nilipiga kelele.

Akavuta mwingine.

Tena kulikuwa na harufu. Niliijua harufu ile, nikamgeukia mdogo wangu. Akatazama miguu yake.

"Nilimnyunyizia ile dawa ya kupe. Kidogo tu."

"Kupe wako wapi?"

"Sasa mnyama akipukutika, wewe ungefikiria nini?"

Na mimi ningefikiria hivyohivyo. Kwetu chochote chenye ngozi kikianza kupoteza manyoya kinapelekwa josho: ng'ombe, mbuzi, mbwa. Alisema ndege alitetemeka kutwa nzima akaacha kula, kisha akarudi kujinyonyoa kwa bidii zaidi. Tulimuogesha kwa maji ya vuguvugu, mimi nimemshika kwa taulo yeye akimwaga, na mkono wangu una alama mpaka leo. Jioni mume wangu alipiga simu kusema rafiki yake, mfugaji wa Getanuwas, ameshauri apakwe samli ya ng'ombe, kwani ndama wake wote wamepona kwa samli. Nilimwambia ampe shukrani zangu nyingi. Ndege aliyepakwa samli ni wa kukaangwa, si wa kutibiwa.

Daktari wa mifugo pale mjini Mbulu alikuwa kijana mpole, na nilimpenda kwa sababu hakujifanya. Aliweka kizimba mezani, akasema, "Mama, nisikudanganye. Mimi ndege wangu ni kuku." Lakini alimkagua. Alimulika chini ya mabawa kwa tochi ya simu, akatafuta utitiri, akatazama kinyesi, akapiga video na kumtumia mwenzake aliyesoma naye, ambaye yuko Arusha na anatibu mbwa, paka na ndege wa majumbani. Tulisubiri jibu. Nje kulikuwa na mtu na mbuzi wake, naye akawa anachungulia dirishani kuona ni mnyama gani anayechukua muda wote huo.

Jibu lilipokuja, daktari aliniambia nitazame kichwa. Kwa nini kichwa kina manyoya yote? Nikasema sijui. Akasema kwa sababu mdomo haufiki pale. Ingekuwa ni utitiri au ugonjwa wa manyoya, kichwa nacho kingeguswa. Kinachonyonyoka ni kile tu anachoweza kukifikia, basi mnyonyoaji ni yeye mwenyewe. Yapo magonjwa ya ndani yanayoweza kumfanya ndege ajivute hivyo, na damu inapimwa Arusha, lakini tunaweza kuanza na yale yaliyo mikononi mwetu kisha tuone.

"Mwenzangu anauliza," alisema akisoma simu, "hivi karibuni nyumbani kumebadilika nini?"

"Mama amefariki."

Aliweka simu chini. "Pole sana. Na ndege akahamishwa?"

Nikamweleza kuhusu stoo, blanketi, moshi, kopo la alizeti na ukimya. Nilipokuwa nikieleza nilisikia mwenyewe jinsi inavyosikika. Sisi tulikuwa tumemweka ndege matanga. Daktari alisema, kwa maneno yake ya taratibu, kwamba kasuku si kuku wa kufungiwa na kusahaulika. Kule porini hakai peke yake hata siku moja. Kutwa anatafuta chakula, anatafuna miti, anapiga kelele na wenzake, anajipanga manyoya. Ukimfungia gizani na kopo lililojaa, mdomo wake hauna kazi nyingine iliyobaki ila mwili wake. Anaanza kwa huzuni au kwa kuwashwa na moshi, kisha inakuwa tabia, na tabia inabaki hata sababu ikiondoka. Akanionya pia nisitegemee miujiza. Shina la unyoya likivutwa mara nyingi linakufa, na pale hapaoti tena.

Nikauliza itachukua muda gani. Siku ya kumaliza msiba ilikuwa imeshapangwa na haikuwa mbali. Akasema manyoya hayafuati kalenda ya mtu.

Basi nikaanza kazi, na niliifanya kama ninavyofanya oda ya shule, bila mapenzi lakini bila uzembe. Alizeti ikawa ya kuonja tu. Nilimchemshia mahindi na maharage, nikamkatia boga, karoti na mchicha, na mwanzoni alivitupa vyote chini akinitazama usoni. Parachichi, ambalo baba alikuwa akimpa kila msimu wake ulipofika, daktari alilikataza kabisa. Ni sumu kwa ndege, na sijui aliokokaje miaka yote ile. Nilinunua chupa ya kupulizia maji kwa msusi, mpya, maana chupa za nyumbani kwetu zote zimewahi kubeba dawa za nyanya. Kila asubuhi jua likitoka nilimpulizia maji mpaka alowe kama kitambaa, kisha anakaa juani kujipanga vizuri. Chakula sikukiacha tena kwenye kopo. Nilikificha ndani ya maganda ya mahindi niliyoyafunga fundo, nikamwekea magunzi na vijiti vya mpera avitafune, apate shida kidogo kabla ya kushiba. Blanketi lilibaki kwa ajili ya usiku tu, apate kulala bila kusumbuliwa.

Jambo nililoshindwa kwa muda mrefu ni kunyamaza. Daktari alisema akijinyonyoa nisipige kelele wala nisimkimbilie, kwa sababu kwa ndege mpweke hata kugombezwa ni maongezi. Nilikuwa nimeshachelewa. Siku moja nikiwa jikoni nikasikia sauti yangu sebuleni ikisema "Acha!" kwa ukali, na nilipochungulia nikamwona ameshika unyoya wake mdomoni. Alikuwa akijigombeza mwenyewe huku akiendelea. Mdogo wangu alicheka mpaka akamwaga maziwa. Mimi sikucheka, maana sikuwa nikijua kwamba nina sauti ya namna ile.

Nimesema sebuleni. Kumrudisha pale hakukuwa rahisi. Nilipomwambia baba kwamba daktari ametaka ndege atolewe stoo, arudi dirishani kwenye watu, alijibu, "Nyumba ina msiba."

"Ndege hana dini, baba. Wala hana ukoo."

"Ni wa marehemu."

"Anakufa."

Baba alisimama, akatazama upande wa ng'ombe. "Mweke unakotaka," alisema, akaondoka. Asubuhi iliyofuata alikunywa chai yake nje, chini ya mchirizi wa bati, mvua ikimrukia viatuni, badala ya kukaa chumba kimoja na kasuku. Nilikasirika. Nilifikiri ni ukaidi wa mila, na nilifikiri maneno ambayo binti hamwambii baba yake. Nikayameza.

Lakini kibaraza kile kina baridi, na mwili una umri wake. Kwanza alisogea mlangoni. Kisha akaingia, akakaa kiti cha mbali, mgongo umeelekea dirishani. Nikamwambia daktari amesema asemeshwe.

"Nimwambie nini?"

"Chochote. Umefundisha watoto wa watu maisha yako yote, utakosa la kumwambia ndege mmoja?"

Alifikiri sana juu ya hilo. Siku ya pili nikamkuta amevaa miwani, anamsomea gazeti la zamani lililokuwa limefungia sukari, sauti yake ya darasani, anatua kwenye kila nukta. Matangazo ya vifo aliyaruka. Ndege alikuwa ameinamisha kichwa upande. Hakusema neno zaidi ya lile "Acha!" lake, na nikadhani yale ya mama ameyasahau gizani. Sikulitaja. Niliona baba amemaliza sahani yake huku akisoma, na kwangu hiyo ilikuwa habari kubwa kuliko manyoya yote.

Manyoya yenyewe yalianza. Yalitokeza kifuani kama ncha za kalamu, kila moja ndani ya kijimfuko chake, na kwa kuwa yanawasha, alitaka kuyang'oa. Nikafuma kizibao kidogo kwa uzi uliobaki wa masweta, rangi ya buluu ya shule moja ya Katesh. Daktari akakikataa, akisema uzi ukifumuka unaweza kumkaba mguu au akaumeza. Nikakata soksi nzito ya mwanafunzi, nikaitoboa matundu ya mabawa, nikaikunja ukingo, nikaweka kifungo kimoja mgongoni asipopafikia. Siku mbili aliishi kwa kuichukia. Baadaye aliizoea, na nyakati ambazo hakuna mtu wa kukaa naye ndipo ilipomsaidia zaidi.

Sasa nieleze hali aliyokuwa nayo siku wazee walipokuja, bila kutia chumvi. Mabawa yalikuwa yamefunikwa tena. Mgongo ulikuwa na manyoya mapya ya kijivu. Kifua kilikuwa bado kitupu, na katikati ya kifua hicho pako vilevile hadi ninapoandika, hapakuota wala hapataota. Bado hujinyonyoa tukimwacha peke yake siku nzima, au watu wakigombana mbele yake. Tunaishi naye hivyo, kama nyumba inavyoishi na mwenye pumu.

Nilikuwa nimepanga nimkalishe ndani ya soksi yake, kizimba nikisukume nyuma ya kabati, nitumaini macho ya wazee ni mabovu. Macho ya baba mkubwa hayana ubovu wowote. Aliingia na koti lake refu na fimbo yake, akaacha mvua mlangoni.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Yule ndege?"

"Yupo, baba mkubwa."

"Ameota manyoya?"

"Amevaa sweta."

Alinitazama. "Ndege amevaa sweta."

"Mbulu kuna baridi," nilisema. Mdogo wangu akatoka nje haraka kwenda kuangalia kitu ambacho hakikuwepo.

Sala ilisomwa. Mbuzi alikuwa ameiva, ugali ulikuwa wa moto, na nikaingia na birika na beseni kuwanawisha wazee. Kwa desturi huanza mkubwa. Nikasimama mbele ya baba mkubwa. Hakutoa mikono. Alikuwa ameishika fimbo yake kwa mikono yote miwili na anatazama ukuta. Mzee aliyekuwa karibu naye akaweka mikono yake mapajani, na mwingine, na mwingine. Maji yalikuwa yakipoa ndani ya birika nami sikujua kama nisimame au niondoke. Nilimtazama baba. Alikuwa ameinamisha kichwa vilevile nilivyoogopa, na nikajisikia nataka kulia kwa hasira.

Kisha akasimama. Alikwenda nyuma ya kabati, akafungua kizimba, akaweka mkono, na kasuku akapanda kwenye mkono wa koti lake kana kwamba alikuwa akisubiri kuitwa. Baba alifungua kile kifungo cha mgongoni. Vidole vyake vilikuwa vizito na ilimchukua muda, na hakuna aliyemsaidia. Akavua soksi. Akasimama katikati ya wazee wa ukoo wake akiwa na ndege mwenye kifua kitupu mkononi.

"Kaka," alisema, "mtazame vizuri. Msiba haukumvua nguo huyu. Nimemvua mimi."

Baba mkubwa aligeuza macho kutoka ukutani.

"Mama yao alipokufa, huyu aliendelea kuniita. Asubuhi, mchana, kwa sauti yake ileile. Mwalimu, chai inapoa. Nilikuwa nikisimama. Kila mara nilikuwa nasimama, mtu mzima, natembea mpaka mlangoni. Nikashindwa. Nikamfungia stoo nikamfunika blanketi, nikawaambia watu ni mila. Haikuwa mila. Sikutaka kumsikia. Aliita humo ndani siku nyingi, hakuna aliyemjibu, mpaka akanyamaza. Aliponyamaza ndipo alipoanza kujivuta."

Sikuwahi kumsikia baba akisema maneno mengi hivyo isipokuwa ubaoni. Nilikuwa bado nimeshika birika.

"Unajua sijawahi kukukatalia jambo," akaendelea. "Lakini huyu simtoi. Kama hamtakula, sitawalaumu. Nitakaa kando naye."

Mzee mmoja, nadhani kwa kutaka kupoza mambo, akasema basi na aite, tumsikie. Tukasubiri. Kasuku alikuna shavu kwa kucha, akajipanga unyoya wa bawa, hakusema chochote. Nilitamani aseme. Nilitamani hata aseme "Acha!" Mvua ilikuwa ikipiga bati, na chakula kilikuwa kimeanza kutoa utando wa mafuta.

Baba mkubwa aliegemeza fimbo ukutani. Mke wake alifariki mimi nikiwa bado sijaolewa. Namkumbuka kidogo, mwanamke mrefu aliyetupa viazi vya kuchoma. Tangu hapo baba mkubwa amekaa peke yake katika nyumba yake iliyofagiwa vizuri, na sisi tulisema ni mtu mgumu, tukaishia hapo.

"Bado anaita?" aliuliza.

"Anaita," baba alisema. "Alianza tena wiki hii. Asubuhi, hawa watoto wakiwa ng'ombeni. Sasa namjibu."

Baba mkubwa alitazama kile kifua kitupu.

"Mimi nguo zake niligawa zote," alisema. "Vyombo nikagawa. Niliambiwa ndiyo vizuri, na mimi nikawaambia wengine hivyohivyo. Kwangu sasa hakuna kitu kinachoniita."

Kisha alinyoosha mikono yake juu ya beseni. Nilimmwagia maji. Alinawa polepole, muda mrefu kuliko uchafu ulivyotaka, na alipomaliza akaniomba nisogeze kiti chake karibu na ndege.